Chuma kimekatika kwa kilonyutoni ngapi? Swali hilo peke yake halitoshi

Bwana Mhariri,

Chuma cha 12, fito ya zege yenye kipenyo cha mm 12, kile ambacho hapa kwetu Lubumbashi wengi wanakiita fer ya douze, kinafungwa kwenye taya za mashine, kinavutwa, kinakatika kwa mlio kama wa bunduki, na mwanafunzi anaandika: "Kimekatika kwa kN 64," yaani kilonyutoni 64 za nguvu ya kuvuta. Hapo anafunga daftari. Siku nyingine karatasi yenye namba hiyo moja inafika mikononi mwa mtu anayejenga Katuba au Ruashi, naye anaridhika: chuma kimepimwa labo, kina nguvu.

Sisi ambao kazi yetu ni kuvuta na kukata vyuma tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuseme jambo moja tu juu ya namba hiyo. Ikiwa peke yake, haimsaidii mjenzi. Chuma kibovu kinaweza kukatika kwa kN 64, na chuma kizuri vilevile. Kinachovitofautisha ni mambo ambayo mwanafunzi aliyaona yakipita mbele ya macho yake wala hakuyaandika: uzito wa kipande, nguvu ambayo chuma kilianza kulegea nayo (yaani kurefuka bila kurudi), kiasi kilichorefuka, na mahali kilipokatikia.

Tuanzie kwenye kukata kipande, maana makosa mengi huingia kabla mashine haijawashwa. Fito za mita 12 hupindwa katikati ili zienee kwenye gari. Mwanafunzi anayetumwa dukani kuleta kipande hupewa cha kwenye mpindo, kwa sababu mpindo hauuziki vizuri, na muuzaji anaona amesaidia shule. Kipande hicho hakifai. Chuma kilichopindwa kikanyooshwa kwa nyundo kimekwisha kuchoshwa: upande mmoja ulivutwa ukasukumwa, upande wa pili ulisukumwa ukavutwa. Kwenye mashine, ile alama ya wazi ya kulegea inapotea, na urefu ambao kingeongeza unapungua. Kata mahali panyoofu, angalau nusu mita kutoka mpindo, na ukate kwa msumeno. Moto wa gesi usikaribie, na ukitumia jiwe la kukatia, kata polepole kipande kisigeuke rangi. Vyuma vyembamba vya 6 na 8 vinavyokuja vimezungushwa kama koili ni shida ya aina yake: lazima vinyooshwe, na kunyoosha ndiko kunakovibadilisha, kwa hiyo vinyooshwe taratibu kwa mkono au kwa nyundo ya mbao. Baada ya hapo kipande kinawekwa kwenye joto la nyuzi 100 kwa saa moja, kisha kinaachwa kipoe kabla ya kuvutwa.

Kwa chuma cha 12, urefu wa mm 500 unatosha: karibu mm 90 zinaingia katika kila taya, na katikati zinabaki zaidi ya mm 300.

Kabla ya kufunga, pima uzito. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mizani ndiyo kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika maabara, na ndiyo inayofichua mengi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7850, kwa hiyo mita moja ya fito ya mm 12 ina kilo 0.888, na kipande cha mm 500 kina gramu 444. Kalipa (mafundi wetu wanasema pied à coulisse) haifai kwa kazi hii kwa sababu fito ina mbavu. Ukiibana juu ya mbavu unapata 13, ukiibana katikati ya mbavu unapata 11 na nusu, na kila mtu anachukua namba inayompendeza. Mizani haijui mbavu. Chukua gramu za kipande, gawanya kwa urefu wake wa milimita, kisha gawanya tena kwa 0.00785: unapata eneo la kweli la chuma kwa milimita za mraba. Gramu 444 kwa mm 500 zinakupa mm² 113.1, na hiyo ndiyo 12 halali.

Sasa weka kwenye mizani kipande kingine cha mm 500 kilichouzwa kwa jina la 12, usome gramu 372. Eneo lake ni mm² 94.8. Hiyo ni fito ya mm 11 iliyovaa jina la 12. Tuseme inakatika kwa kN 52. Mwanafunzi mmoja anagawanya kwa eneo la kweli, anapata MPa 548 (nyutoni kwa kila milimita ya mraba), anaandika kuwa chuma ni kizuri. Mwenzake anagawanya kwa eneo la jina, zile mm² 113.1 za 12 halali, anapata MPa 460, anaandika kuwa ni dhaifu. Wanabishana, mwalimu anaitwa.

Hakuna aliyekosea hesabu. Wa kwanza amejibu swali la mfuaji: madini haya yenyewe yana nguvu gani? Wa pili amejibu swali la mjenzi: nimenunua 12, mchoro wangu umehesabu 12, je, fito hii itabeba mzigo wa 12? Kwa nyumba, swali la pili ndilo lenye uzito. Kanuni ya Uingereza ya vyuma vya zege, BS 4449, inataka nguvu zihesabiwe kwa eneo la jina, na uzito uwe na mpaka wake: kwa fito zinazozidi mm 8, uzito wa mita usipungue wala usizidi kwa zaidi ya asilimia 4.5, kwa za mm 8 kushuka chini, asilimia 6. Ile ya gramu 372 imepungua kwa asilimia 16. Hata kama madini yake ni bora kuliko yote yaliyowahi kupita mpaka wa Kasumbalesa, si 12. Ripoti ya mwanafunzi iandike maeneo yote mawili, na iseme wazi ni lipi lililotumika kugawanya. Tumekuta ripoti nyingi zenye MPa bila kusema zimetoka wapi, na namba kama hiyo ni bora isiandikwe.

Mnunuzi asiye na maabara naye hajaachwa. Fito ya 12 yenye mita 12 kamili ina kilo 10.66, ikishuka chini ya kilo 10.2, imetoka nje ya mpaka. Ya 10 ina kilo 7.4, mpaka wake karibu 7.1. Ya 8 ina kilo 4.74, mpaka wake karibu 4.45. Mizani ya kupimia magunia ya unga inatosha, ila pima fito kumi kwa pamoja ili kosa la mizani ligawanyike, na pima urefu pia kwa mita, kwa sababu kuna fito za "mita 12" zenye mita 11 na kidogo.

Turudi kwenye mashine. Kabla ya kuvuta, chora alama kila mm 10 kwenye sehemu yote iliyo kati ya taya. Mchoro uwe mwepesi, juu ya rangi au chokaa. Ukichimba kwa tindo unatengeneza ufa, na chuma kitakatikia hapo kwa heshima yako. Funga kipande kiwe wima kabisa, kwa sababu kikikaa upande kinavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja. Weka wavu wa kinga na vaa miwani.

Mwendo wa kuvuta haupangwi kwa kubahatisha. Kanuni ya kimataifa ISO 6892-1, kwa njia yake ya kufuata mkazo (nguvu kwa eneo), inaruhusu kwa chuma kati ya MPa 6 na 60 kwa sekunde kabla hakijalegea. Ukichagua 10, kwa chuma cha 12 ni karibu kN 1.1 kila sekunde, yaani utafika kwenye kulegea baada ya karibu dakika moja. Mwanafunzi mwenye njaa anafungua valvu yote, sekunde tano kazi imekwisha, na nguvu ya kulegea anayoisoma imepanda kwa sababu chuma hakikupewa nafasi ya kulegea. Kwa bahati mbaya kosa hilo linampendeza kila mtu, kwa sababu linafanya chuma kionekane bora.

Ikifika karibu kN 57, tazama. Pampu inaendelea kusukuma mafuta, mashine inaendelea kufunguka, lakini sindano ya saa inayoonyesha nguvu imesimama. Inatetemeka mahali pamoja, mara nyingine inarudi nyuma kidogo kisha inarudi pale pale. Sasa ondoa macho kwenye sindano, uangalie fito yenyewe. Ganda jeusi la kiwandani linaanza kupasuka na kupukutika kama magamba ya samaki mkavu, kwanza karibu na taya moja, kisha linashuka hatua kwa hatua hadi taya ya pili. Mahali ganda linapodondoka, chuma kimekwisha kulegea. Mahali lilipobaki, bado. Hiki ndicho kikomo cha unyumbufu, na ndiyo namba ambayo mhandisi anaitumia kwenye hesabu ya nguzo na boriti. Kukatika hakumo katika hesabu hiyo hata kidogo. Andika nguvu hiyo pale pale, usingoje, kwa sababu baada ya sekunde chache sindano inaanza kupanda tena na mwanafunzi asiyeandika hataikumbuka. Kwenye mashine yenye kompyuta mchoro unaihifadhi. Kwenye mashine ya saa na sindano, mmoja aangalie saa, mmoja aangalie chuma, wa tatu aandike.

Baada ya hapo sindano inapanda hadi kN 64, inasimama, kisha inaanza kushuka ilhali chuma hakijakatika. Mahali pamoja kinafanya kiuno, kinakonda mbele ya macho, na hapo ndipo kinapokatikia. Kipande cha kiuno kikiguswa mara baada ya kukatika kina moto wa kushtua, basi mwambieni mwanafunzi asubiri.

Tuchukue sasa fito mbili, zote za 12, zote zimekatika kwa kN 64, zote zina uzito kamili. Ya kwanza ililegea kwa kN 57. Gawanya kwa 113.1: kulegea MPa 504, kukatika MPa 566, na uwiano wa ya pili kwa ya kwanza ni 1.12. Ya pili ililegea kwa kN 62.5: MPa 553, na uwiano ni 1.02. Mtu asiyezoea ataichukua ya pili, si ndiyo iliyovumilia zaidi kabla ya kulegea? Sasa chukua vipande vilivyokatika. Kwenye kipande kirefu zaidi, kaa mbali na kiuno angalau mm 50 na mbali na taya angalau mm 20, uhesabu nafasi kumi za alama zako, zile zilizokuwa mm 100. Kwenye fito ya kwanza sasa ni mm 106.2. Kwenye ya pili ni mm 101.6. Ongeza kidogo kwa ajili ya unyumbufu uliorudi chuma kilipokatika, ambao ni MPa za kukatika ukigawanya kwa 2000, hapa karibu 0.3. Fito ya kwanza imerefuka asilimia 6.5, ya pili asilimia 1.9.

BS 4449 ina daraja tatu za chuma cha MPa 500. Daraja A inataka uwiano usiopungua 1.05 na urefukaji usiopungua asilimia 2.5, B inataka 1.08 na asilimia 5. C inataka uwiano kati ya 1.15 na 1.35, na asilimia 7.5. Fito yetu ya kwanza inaingia B bila wasiwasi. Ya pili haingii hata A. Na zote mbili, kwenye daftari la mwanafunzi, zimeandikwa "kN 64".

Wasomaji wenu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa maana ya hizo asilimia. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mji wao na upande wa pili wa mpaka, Rwanda. Jengo linapotikiswa, chuma kinapewa mzigo unaopita kikomo chake, halafu unarudi, halafu unapita tena. Fito inayorefuka inaachia zege lipasuke, ukuta uiname, watu wasikie na watoke. Ile ya asilimia 1.9 haitoi taarifa. Hata bila tetemeko, boriti iliyozidishiwa mzigo hapa Lubumbashi inafuata njia hiyo hiyo, ila polepole.

Kuna ugomvi mwingine wa kila mwaka, nao ni wa mahali pa kukatika. Fito ikikatikia ndani ya taya au mdomoni mwake, meno ya taya ndiyo yaliyoikata. Kama namba imetoka chini ya kiwango, tupa kipimo hicho, uvute kipande kingine. Taya zikiwa zimelika, fito inateleza: unasikia mikwaruzo, sindano inaruka, na mchoro unakuwa na ngazi ngazi. Safisha meno kwa brashi ya waya kila baada ya vipande vichache, maana lile ganda jeusi linajaa humo. Kwa vipande vilivyokerezwa laini, ambavyo urefukaji wake unapimwa juu ya kiuno chenyewe, urefu wa kupimia ni mara tano ya kipenyo, na mpasuko usiwe karibu mno na alama ya mwisho.

Halafu umeme. Ukikatika wakati chuma bado hakijalegea, hakuna hasara. Ukirudi, anza upya. Ukikatika baada ya kulegea, kipande hicho kimekufa hata kama kinaonekana kizima. Presha ya mafuta inashuka, chuma kinaachiwa, na ukikivuta mara ya pili kitapanda moja kwa moja hadi pale kilipoachia, bila sindano kusimama, na kikomo kitaonekana kikubwa kuliko cha kweli. Urefukaji nao utapungua, kwa kuwa sehemu yake ilikwisha kutumika. Tumeona ripoti zenye fito moja kati ya tatu "yenye nguvu zaidi", na ukiuliza unaambiwa, ah, ile ni ya siku umeme ulipokatika. Ndiyo maana kila mara andaeni vipande vinne kwa kipimo cha vitatu.

Kosa jingine ni la vitabuni. Mwalimu anataka kipimo cha ugumu wa unyumbufu, ambacho kwa chuma ni GPa 200 hadi 210. Mwanafunzi anachukua mwendo wa kichwa cha mashine, anagawanya, anapata 30 au 40, kisha kwa aibu "anasahihisha" hadi 205. Mashine haikosei. Inapovuta, taya zinajikaza, nguzo zake zinanyooka, skrubu zinakaa vizuri, na yote hayo yanahesabiwa kama urefu wa chuma. Ukitaka namba ya kweli, funga kipima-urefu juu ya fito yenyewe. Kama hamna, andikeni 35 mliyoipata na mueleze sababu. Ripoti hiyo ina thamani kuliko 205 ya kunakili.

Neno la haraka juu ya mashine ya kukereza. Walimu wengine huagiza fito ya zege ikerezwe hadi mm 8 au 10 iwe laini kama picha ya kitabu. Kwa fito nyingi za sasa hilo ni kosa. Tangu miaka ya 1970, kwa ufundi unaoitwa Tempcore uliotokea Liège, Ubelgiji, fito hutoka kwenye roli ikiwa nyekundu na kumwagiwa maji kwa nguvu: ngozi inakuwa ngumu, moyo unabaki laini, na joto la moyo linairudishia ngozi ustahimilivu. Ukiikereza umetupa ngozi na kupima moyo, na namba inashuka sana. Ukitaka kuiona, kata fito, isugue kwa msasa hadi ing'ae, mwagia asidi ya nitriki asilimia 3 hivi ndani ya alkoholi: baada ya sekunde chache pete nyeusi inajichora pembeni kama gome la mti. Pete hiyo hiyo ndiyo inayoharibiwa na mchomeleaji anayekaza arki mahali pamoja hadi fito iwe nyekundu. Chuma kilichochomelewa kinavutwa na kiungo chake kikiwa katikati, baina ya taya mbili, la sivyo hujapima kitu.

Kipimo cha kukunja tutakigusa tu. Fito ya hadi mm 16 inakunjwa nyuzi 90 juu ya mhimili wenye kipenyo cha mara nne ya fito, inapashwa nyuzi 100 kwa saa moja, kisha inarudishwa angalau nyuzi 20. Ikipasuka kwa kuonekana na macho, imeshindwa. Fundi anayekunja 12 juu ya msumari mnene na kuona imepasuka ameionea. Anayeikunja juu ya bomba pana na kuona haikupasuka hajathibitisha kitu.

Na kwa kuwa tuko Lubumbashi, ni aibu mwanafunzi amalize masomo bila kuvuta shaba. Nchi hii ilifua shaba kuwa misalaba ya kununulia vitu zamani sana kabla ya tanuru la kuyeyushia shaba la 1911 hapa mjini. Shaba inafundisha kile ambacho fito ya zege inakificha: sindano yake haisimami. Inapanda kwa kujipinda, polepole, na hakuna mahali unapoweza kunyoosha kidole ukasema hapa imelegea. Basi tunakubaliana: kikomo ni pale ambapo imebaki na urefu wa kudumu wa asilimia 0.2. Kwa urefu wa kupimia wa mm 50, asilimia 0.2 ni mm 0.1, unene wa karatasi ya daftari. Kwenye mchoro, pima 0.1 kutoka mwanzo, chora mstari sambamba na sehemu nyoofu, na mahali unapokata mchoro ndipo kikomo. Bila kipima-urefu kilichofungwa juu ya kipande, usijaribu; kuteleza kwa taya tu ni mara kumi ya hiyo. Na vuta taratibu kuliko chuma: MPa 2 hadi 20 kwa sekunde.

Chukua shaba iliyovutwa baridi kuwa fimbo, gawanya vipande viwili, kimoja kipashe hadi wekundu hafifu ukizamishe majini. Mwanafunzi aliyefundishwa chuma atabashiri kuwa maji yameifanya ngumu. Ivuteni mbele yake. Ile ya baridi itakatika kwa MPa 350 au zaidi, ikiwa imerefuka kidogo tu. Iliyopashwa itakatika kwa karibu 220, ikiwa imerefuka asilimia 40 au zaidi, nyembamba na ndefu kama mlenda. Ni shaba ile ile, usafi ule ule.

Kuhusu mashine yenyewe: cheti cha uhakiki kiwe na umri usiozidi mwaka, na mashine ikihamishwa hata kwenda chumba cha pili, ihakikiwe upya. Daraja la 1 la ISO 7500-1 linaruhusu kosa la asilimia 1. Lakini angalieni kipimo kilichochaguliwa. Chuma cha 8 kinakatika karibu kN 28. Ukikivuta kwenye mashine ya kN 1000 bila kubadili kipimo, unasoma chini ya asilimia 3 ya saa yake, mahali ambapo mara nyingi cheti hakifiki.

Mskoti David Kirkaldy, aliyefungua nyumba yake ya kupimia vyuma huko Southwark, London, mwaka 1866, hakutupa vipande vilivyokatika. Alivipanga ghorofani kuwa makumbusho ya mipasuko. Si lazima tufike huko, lakini kila fito iliyokatika ifungwe vipande vyake viwili kwa waya wa kufungia, na kibati chenye namba ya kipimo na tarehe, ikae kabatini hadi jengo likabidhiwe. Mpasuko wenye kiuno na kikombe katikati unasema jambo moja. Mpasuko mkavu, bapa, unaometa kama chumvi unasema jingine, na hakuna karatasi inayoweza kuugeuza.

Ombi letu kwenu, Bwana Mhariri, ni dogo. Gazeti likichapisha kwamba chuma cha jengo fulani "kilipimwa na kuonekana kizuri", muulizeni aliyesema: gramu ngapi kwa mita, kililegea kwa ngapi, kilikatika kwa ngapi, kilirefuka asilimia ngapi, kilikatikia wapi. Majibu yake yanaenea kwenye mistari mitano ya safu moja.

Wenu,
Mafundi wa maabara ya vyuma,
Lubumbashi